Sura ya Marehemu Isibuniwe na Simu

Mpiga picha wa mji mdogo akipata pesa kidogo, jambo la kwanza analowaza ni kamera mpya. Mimi nasema asubiri. Anunue kwanza karatasi mbili za plastiki ya kijivu za kufunika taa zake, zile zinazoitwa filta za polaraiza, pamoja na filta ya kufunga mbele ya lenzi. Nasema hivyo kwa sababu ya kazi inayoingia studio yangu hapa Salama, ambayo naamini ndiyo inayoingia pia studio za Sultan Hamud, Emali, Wote na hata Mutomo kule Kitui: picha za wazee wetu waliofariki.

Salama ni mji wa Makueni ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa, unaoupita ukitoka Nairobi kabla hujafika Sultan Hamud. Wengi wanaujua kwa malori yaliyoegeshwa na kwa chai ya safarini. Sisi tunaoishi hapa tunajua pia kwamba njia ya kupanda kwenda vijiji vya Kilungu inaanzia huku, na kwamba msiba ukitokea huko juu, mtu hutumwa kuteremka hadi barabarani kutafuta studio.

Picha za pasipoti na za wanafunzi ndizo zinazolipa kodi ya chumba. Kazi inayonikosesha usingizi ni ya matanga. Mtu akifariki, kamati ya mazishi huketi kila jioni, na baada ya kuzungumzia jeneza, gari na chakula, hufika kwenye programu. Kijitabu hicho ndicho kitakachobaki. Kitapelekwa Nairobi, Mombasa, hata Marekani kwa mjukuu ambaye hakupata tiketi. Juu ya jalada lazima iwepo sura ya marehemu, tena sura ya siku zake za nguvu, si ile ya hospitalini.

Picha zenyewe haziji zikiwa safi. Kuna zilizokaa kwenye fremu sebuleni miaka nenda miaka rudi hadi karatasi imegandia kioo, na ukijaribu kuibandua uso unabaki kwenye kioo. Kuna kitambulisho cha zamani kilichofunikwa kwa plastiki, kimepinda kwa kukaliwa mfukoni. Kuna picha za rangi za miaka ya 1980 zilizochapishwa kwenye ile karatasi yenye vijivimbe vidogo, ambayo kila kivimbe kinameta kivyake. Na kuna za nyeusi na nyeupe, zilizopigwa Mombasa wakati baba na babu zetu walipokuwa bandarini na kwenye reli, enzi ambazo kwenda studio kama ya Parekh na suti ya kuazima lilikuwa jambo la kuandikia barua nyumbani. Hizi za mwisho ukiziinamisha utaona pembeni, penye weusi mwingi, utando wa samawati unaong'aa. Utando huo ni fedha iliyoitengeneza picha. Unyevu na hewa chafu vimeipandisha juu kidogo kidogo.

Tabu ya zote ni moja, mng'ao. Kijana wa familia anaiweka picha juu ya kochi, anaipiga kwa simu chini ya balbu, na doa jeupe linaangukia shavu au jicho. Anajaribu mlangoni, doa linahamia kwenye paji. Anatuma hivyo hivyo kwenye kundi la WhatsApp la mazishi, kisha mtu mwenye moyo mzuri anaipitisha kwenye programu ya simu ya kurekebisha picha za zamani. Baada ya dakika moja inarudi picha angavu, macho yamekolea, ngozi laini, meno yamepangika.

Tatizo linaanzia hapo. Programu hizo hazijui sura ya mtu yule. Zimefunzwa kwa mamilioni ya nyuso za watu wengine, na penye doa zinajaza kile zinachokisia kuwa kinafaa kuwepo. Susu mmoja, yaani nyanya, kutoka upande wa Kilungu aliletewa picha ya mumewe iliyotengenezwa hivyo, akaishika kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni nani?" Mjukuu alimweleza kwamba ni umau, yaani babu, ni vile tu amesafishwa. Susu akasema mumewe alikuwa na kovu juu ya nyusi, la tangu ujana wake, na kwamba huyu wa kwenye karatasi hajawahi kumwona. Niliomba waniletee fremu yenyewe. Nilipozima mng'ao, kovu lilikuwepo, mahali pale pale aliposema.

Ndiyo sababu nalisema hili kwa ukali. Doa la mwanga si uharibifu wa picha. Chini ya doa sura ipo, nzima, ila kamera haioni kwa sababu inapigwa na mwanga mwingine. Kuruhusu mashine ibuni sura wakati sura halisi imelala chini yake ni kumkosea marehemu na kuwakosea watoto watakaorithi picha hiyo wakidhani ndiye babu yao. Penye kupasuka au kuliwa na mchwa, sawa, tutazungumza. Penye mng'ao tu, dawa ni filta.

Jambo hili limejulikana zamani. Mwaka 1808, mjini Paris, Étienne-Louis Malus alikuwa akitazama kupitia kipande cha fuwele mwanga wa jua ulioakisiwa na madirisha ya Jumba la Luxembourg, akaona kwamba akikizungusha kile kipande, mwako ule unafifia kisha unarudi. Aligundua kwamba mwanga unaogonga kioo na kurudi hauko sawa na mwanga wa kawaida. Wa kawaida hutikisika pande zote. Ule ulioakisiwa huelekea kutikisika upande mmoja. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1929, kijana Mmarekani aitwaye Edwin Land aliomba hataza ya karatasi ya plastiki yenye fuwele ndogo mno zilizopangwa kuelekea upande mmoja, inayoruhusu mwanga wa upande mmoja tu kupita. Kampuni aliyoianzisha mwaka 1937 iliitwa Polaroid, na wazee wengi wanaikumbuka kwa kamera zake zilizotoa picha papo hapo. Zile karatasi zilikuja kwanza.

Wapiga picha wengi wanaimiliki tayari ile filta ya duara ya mbele ya lenzi, yenye herufi CPL kwenye ukingo. Wanaijua kwa kukoza samawati ya anga na kuondoa mwako juu ya maji. Wanaijaribu kwenye picha ya fremu, inasaidia upande mmoja, upande wa pili inashindwa, wanakata tamaa. Sababu ni kwamba filta ya lenzi peke yake inashika mng'ao wa pembe fulani tu, na mng'ao wa chuma haiushiki kabisa. Picha iliyopinda ina pembe zote kwa wakati mmoja, na ule utando wa samawati ni chuma, ni fedha.

Ukizifunika taa, mambo yanabadilika. Mwanga unatoka kwenye taa ukiwa umekwisha kulazimishwa upande mmoja. Ukigonga uso wa kioo au wa fedha unarudi ukiwa na upande ule ule. Ule unaopenya hadi kwenye karatasi na rangi unagongwagongwa humo ndani, unatoka umevurugika na kutikisika pande zote. Sasa zungusha filta ya lenzi mpaka ikingame na ile ya taa. Mwanga wa kwanza unafungiwa nje. Wa pili, ambao ndio uliobeba picha, karibu nusu yake unapita. Nimeonyesha jambo hili kwa watu wengi kwenye kioo cha kamera, na kila mara mtu anasogea karibu, kwa sababu uso unatokea polepole kadiri unavyozungusha.

Sitaki mtu atumie pesa bure, kwa hiyo niseme pia ni lini filta hizi hazihitajiki. Fremu yenye kioo kilichonyooka, na picha isiyopinda, haihitaji polaraiza. Weka taa moja kila upande, kila moja kwa nyuzi 45, funga pazia, tundika kitambaa cheusi mbele ya kamera chenye tundu la lenzi ili usijione mwenyewe kwenye kioo. Umemaliza. Tabu ni kwamba picha za namna hiyo ni chache. Nyingi zimepinda, zina vijivimbe, zina fedha, au zimefunikwa plastiki iliyokunjamana, na hakuna pembe ya taa inayozitosha.

Anayeamua kununua aangalie mambo haya. Karatasi ya taa lazima iwe polaraiza ya mstari, si ya mviringo. Lazima ifunike uso wote wa taa, kwa sababu mwanga ukipenya pembeni hata kidogo unarudisha mng'ao ulioukimbia. Na lazima iwe kitu cha mwisho ambacho mwanga unapitia. Nimewaona vijana wakiiweka ndani ya softboksi, lile sanduku la kulainisha mwanga, nyuma ya kitambaa chake cheupe. Kitambaa kinauvuruga tena mwanga na kazi yote inapotea. Kwa sababu softboksi kubwa inahitaji karatasi kubwa ya bei, mimi natumia taa ndogo zisizo na kitambaa. Picha bapa haihitaji mwanga laini kama bibi harusi.

Jaribu kabla ya kulipa. Karatasi za kijivu zinafanana, na unaweza kuuziwa ile ya kupunguza mwanga tu. Beba kalkuleta ya kawaida ya dukani, ile yenye tarakimu nyeusi. Ishike karatasi mbele ya kioo chake uizungushe taratibu: ikiwa polaraiza, kioo kitageuka cheusi tititi kisha kirudi. Geuza karatasi upande wa pili urudie. Ya mstari inakizima kioo kwa pande zote mbili. Ya mviringo inakizima kwa upande mmoja, na kwa mwingine haifanyi hivyo. Ukishainunua, chora mshale ukingoni kuonyesha upande wake, na taa zote mbili mishale ielekee kumoja. Usiikunje.

Asiye na uwezo wa kuagiza aongee na fundi wa runinga. Kioo cha runinga bapa kilichopasuka kina karatasi za polaraiza zilizobandikwa mbele na nyuma, na mafundi wengi huzitupa. Kuibandua kunataka subira na glavu, maana kioo kinakata, na gundi inasumbua kuitoa. Ile ya mbele mara nyingi imetiwa ukungu kiwandani ili runinga isiakisi dirisha, basi inatawanya mwanga kidogo. Kwa kuanzia inatosha, na inamwonyesha mtu kama kazi hii inamfaa kabla hajatoa pesa.

Kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Karatasi ya taa inameza zaidi ya nusu ya mwanga, na ile ya lenzi inameza tena. Kwa makadirio, katika sehemu saba za mwanga, moja ndiyo inayofika. Ukitumia taa za LED za bei nafuu itabidi kamera iache mlango wazi kwa muda mrefu, na hapa Salama lori lenye trela likipita sakafu inatetemeka na picha inatikisika. Ndiyo maana ninapendelea fleshi: inawaka kwa muda mfupi mno hata sakafu haipati nafasi ya kutetemeka. Lakini izime ile balbu ya kuongozea iliyo ndani ya fleshi, kwa kuwa joto lake linaikunjakunja plastiki na kuiharibu. Kisha pima weupe upya kwa kadi ya kijivu, kwa sababu filta zikikingamana rangi husogea. Na usishtuke baadhi ya plastiki zikitoa mistari ya rangi za upinde wa mvua. Geuza picha kidogo juu ya meza, utapata mahali inapopungua.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wa studio hawatalipenda. Filta hizi zisitumiwe kwenye nyuso za watu walio hai. Nimeona zikisifiwa kwamba zinaondoa mafuta na jasho usoni, na ni kweli zinaondoa. Lakini ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa ule mng'ao: juu ya paji, kwenye mfupa wa shavu, kwenye daraja la pua. Uondoe wote na uso unakuwa bapa na mzito, huku madoa yakikolea. Madaktari wa ngozi wanatumia mwanga wa namna hii kwa sababu hiyo hiyo, wanataka kuona madoa. Bibi harusi hakuja kwa daktari. Mpe kitambaa afute jasho, mpake poda kidogo, sogeza taa kubwa karibu. Ngozi yetu ilishaonewa vya kutosha na filamu za rangi, ambazo kwa miaka mingi zilisawazishwa kwa kadi zenye sura ya mwanamke mweupe. Hatuna sababu ya kuidhulumu tena kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa vinyago ninatumia njia ya katikati. Ukambani tuna uchongaji wa kuuza tangu Mutisya Munge wa Wamunyu aliporudi na ujuzi huo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na hadi leo kuna wachongaji wanaotegemea picha ya simu kumshawishi mnunuzi aliye mbali. Kinyago kikishapakwa nta na kusuguliwa kinapendeza mkononi, lakini kwenye picha kinakuwa madoa meupe juu ya weusi, na mistari ya mti haionekani. Filta zikikingamana kabisa, mti unajitokeza na rangi yake yote, ila mpingo unageuka shimo jeusi lisilo na mgongo wala bega. Basi rudisha filta ya lenzi kidogo mpaka mng'ao mwembamba ubaki kwenye kingo. Jicho la mchongaji mwenyewe ndilo linalofaa kuamua wapi pa kusimama, kwa hiyo ninamwita azungushe yeye. Vyondo vya katani, kwa upande wake, havina haja ya haya yote. Mwanga wa dirishani unatosha.

Wenzangu wananiuliza studio ya kijijini itapata wapi pesa za vifaa vya kazi ambayo haiji kila siku. Jibu langu ni kwamba hakuna haja ya kila studio kuwa na vyake. Kuanzia Salama hadi Emali tunajuana, tunaazimana stendi na betri, na chama chetu cha kuweka na kukopa kimeshanunua vitu vikubwa kuliko karatasi mbili. Seti moja ikae mahali panapofikika, ndani ya bahasha ngumu, na anayeihitaji aichukue kwa siku moja na kuirudisha. Makanisa pia yaingie. Misheni ya Africa Inland ilianzia Nzaui, hapa hapa Makueni, mwaka 1895, na katika ofisi za makanisa ya kata zetu kuna picha za wachungaji na wazee wa kwanza zinazofifia ukutani. Kuzinakili kwa mwanga mzuri ni kazi ya siku chache.

Kwa familia nina maombi mawili. La kwanza, msiibandue picha iliyogandia kioo, na msiifute kwa kitambaa chenye maji. Ileteni na fremu yake. La pili, msingoje msiba. Desemba watu wakirudi kutoka Nairobi na Mombasa, chukueni picha za ukutani na za kwenye sanduku, mje nazo pamoja na mzee anayezijua. Wakati mimi ninapanga taa, mmoja wenu aandike kwenye daftari anayoyasema: aliye kushoto ni nani, mtoto aliyebebwa ni wa nani, ilipigwa wapi, na suti ile ilikuwa ya nani.